Daftari, Mlango na Maisha ya Watu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali ambao hupewa jukumu la kuandikisha wageni na kusimamia milango katika sherehe, mikutano na michezo.



Katika nchi hii ni nadra kufanyika shughuli kubwa bila mwalimu kukaa nyuma ya meza. Iwe ni sherehe ya Uhuru, mapokezi ya Mwenge, maonyesho ya Nane Nane, michezo ya UMISSETA au mkutano mkuu wa chama cha ushirika, karatasi ya majina aghalabu huwa mkononi mwa mwalimu, na anayesimama langoni huwa ni mtumishi ambaye siku nyingine zote hushinda ofisini na majalada yake. Asubuhi ya siku hiyo hupewa kalamu, kitambaa cha kufunga mkononi na agizo fupi: asiingie asiyehusika. Hapewi jingine. Haambiwi uwanja unachukua watu wangapi, wala milango ipitishe wangapi kwa saa, wala afanye nini watu elfu moja wakifika kwa mkupuo mmoja. Lakini likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayeulizwa wa kwanza.

Katika vikao vya kamati za maandalizi, jambo la mlango huzungumzwa mwisho kabisa. Kwanza hujadiliwa mapambo, kisha chakula, kisha vipaza sauti, kisha (hapa mjadala huwa mrefu) nani ataketi jukwaa kuu na nani nyuma yake. Ikifika zamu ya mlango, wajumbe wamekwisha choka na mwenyekiti anatazama saa. Ndipo husemwa, "Hilo watalishughulikia vijana wa ulinzi." Kumbe maafa mengi ya mikusanyiko yaliyopata kuchunguzwa kwa makini hayakuanzia jukwaani. Yalianzia mlangoni, na mara nyingi yalianzia kwenye hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Mfano uliochunguzwa kuliko mingine yote ni wa Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, timu za Liverpool na Nottingham Forest zilikutana katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, kucheza nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool waliokuwa na tiketi walikuwa zaidi ya 24,000, na wote walipangiwa kuingia kwa upande mmoja, upande wa barabara ya Leppings Lane. Upande huo ulikuwa na mageti 23 ya chuma, yale yanayozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja. Kati ya hayo, saba tu ndiyo yaliyotengwa kwa watu 10,100 waliokuwa na tiketi za kusimama.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kuikamilisha hesabu hiyo. Watu 10,100 wakigawanywa kwa mageti saba, kila geti linapata watu 1,443. Mwongozo wa usalama wa viwanja uliotumika nchini humo wakati ule uliweka kikomo cha watu 750 kwa saa kwa kila geti, na wa sasa umekishusha hadi 660. Hata kwa kikomo kile cha zamani, watu wale walihitaji karibu saa mbili nzima za kuingia mfululizo, bila geti kukwama hata mara moja, bila mtu kutafuta tiketi mfukoni. Lakini umati wa mpira hauji mfululizo. Huja kidogo kidogo asubuhi, kisha hufurika katika nusu saa ya mwisho. Mchezo ulipangwa kuanza saa 9 alasiri. Ilipofika saa 8 na nusu, mbele ya mageti yale palikuwa na maelfu ya watu katika eneo jembamba, na waliokuwa mbele walikwisha anza kubanwa.

Saa 8 na dakika 52, ili kuokoa waliobanwa nje, polisi walifungua lango kubwa la kutokea. Watu wapatao 2,000 wakaingia. Mbele yao palikuwa na njia ya chini ya jukwaa iliyoelekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo vilikwisha jaa. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Hapakuwekwa mtu mbele ya njia ile kuwaelekeza watu kushoto na kulia. Wale walioingia hawakujua, na hawakuwa na njia ya kujua. Saa 9 na dakika 6 mchezo ukasimamishwa. Idadi ya waliopoteza maisha kutokana na siku ile imefikia watu 97.

Yafaa kulitazama jambo moja ambalo husahauliwa katika simulizi hiyo. Mageti yale yalikuwa na mashine ya kuhesabu. Hesabu ilikuwapo! Ila mashine ilihesabu watu wa eneo lote la kusimama kwa pamoja. Haikuweza kusema kizimba cha katikati kina wangapi na cha pembeni kina wangapi. Kwa hesabu ya jumla, eneo halikuwa limejaa. Kwa hesabu ya kizimba, watu walikuwa wanakufa. Mtumishi anayeripoti kwamba "ukumbi bado una nafasi" bila kusema nafasi hiyo iko upande gani anatoa hesabu ya namna hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi lawama zilitupwa kwa mashabiki: ati walikuwa walevi, ati walichelewa, ati walikuja bila tiketi. Ripoti ya Jaji Taylor ilikwisha kukataa maneno hayo mapema, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia. Ndugu zao walikuwa wamesubiri kauli hiyo kwa miaka 27.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba mambo hayo ni ya Ulaya. Mwaka 2001, tarehe 11 Aprili, watu 43 walikufa katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, timu za Kaizer Chiefs na Orlando Pirates zilipokutana na umati kuzidi uwanja. Tarehe 24 Januari 2022, mbele ya uwanja wa Olembe mjini Yaounde, watu wanane walipoteza maisha wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Rais wa Shirikisho la Soka la Afrika alieleza kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Na Tanzania imeonja uchungu huo. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika uwanja mmoja mjini Moshi baada ya ibada, waumini walipoharakisha kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi 2021, wananchi walifurika katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kuaga mwili wa Rais John Pombe Magufuli. Polisi walitangaza baadaye kwamba watu 45 walifariki dunia katika msongamano wa siku hiyo.

Tukio hilo la Uwanja wa Uhuru lina fundisho lake la pekee. Msiba hauna kadi ya mwaliko. Hakuna aliyejiandikisha, hakuna aliyeuziwa tiketi, na kwa mila za watu wa nchi hii hakuna awezaye kumwambia mfiwa kwamba nafasi imekwisha. Shughuli ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna namba ya kuanzia. Wengi hudhani kwamba pasipo na tiketi pana kazi kidogo, maana hakuna cha kukagua. Ukweli ni kinyume chake. Pasipo na tiketi, kazi yote ambayo ingefanywa na daftari kwa wiki mbili hapana budi ifanywe na watu barabarani kwa siku moja: kuhesabu wanaokuja wakiwa bado mbali, kuwapanga kwa mafungu, kulifanya fungu moja lisubiri hadi jingine limetoka, na kuwaambia walio nyuma kinachoendelea mbele.

Hili la mwisho lina uzito mkubwa. Mtu aliye nyuma ya umati haoni aliye mbele. Anayesukuma hajui kwamba kuna anayebanwa. Watu wakifika saba hivi katika eneo la mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuchagua aende wapi. Umati huenda kama maji, na kila mmoja hubebwa. Wengi husema kwamba watu "walikanyagana," na magazeti huandika hivyo. Kwa hakika wengi wa wanaokufa hawakanyagwi. Hufa kwa kukosa pumzi, baadhi wakiwa wamesimama wima, kwa sababu kifua kimebanwa kisiweze kupanuka. Neno "kukanyagana" humfanya msomaji afikiri kwamba watu walikosa adabu. Neno lililo sahihi zaidi ni kubanwa, nalo humlazimu mtu kuuliza: walibanwa na nini, na nani aliyepanga eneo lile?

Basi na hesabu ifanywe hapa nyumbani. Uchukuliwe uwanja wa wilaya wenye milango sita ya kupitisha mtu mmoja mmoja, na watarajiwe watu 20,000. Kwa kipimo cha watu 660 kwa saa, milango sita hupitisha watu 3,960. Watu 20,000 watahitaji zaidi ya saa tano. Mgeni rasmi anatarajiwa saa 4 asubuhi. Nani atakuwa langoni kabla ya saa 11 alfajiri? Kama hakuna, basi ama milango iongezwe, ama watu wapunguzwe, ama shughuli ianze baadaye. Njia ya nne, ambayo ndiyo hutumika zaidi, ni kufungua lango kubwa baada ya watu kuanza kupiga kelele, na hiyo ndiyo njia ya Hillsborough.

Kutoka nako kuna hesabu yake. Mwongozo ule ule wa Uingereza hukadiria kwamba katika sakafu tambarare, kila mita moja ya upana wa njia hupitisha watu 82 kwa dakika. Mlango wa kawaida wa ukumbi, wenye upana wa mita moja na sentimita 20, hupitisha watu 98. Ukumbi wenye watu 1,500 na milango miwili ya namna hiyo utatoa watu wote kwa muda usiotimia dakika nane, na dakika nane ndizo ambazo mwongozo huo hautaki zizidi. Lakini ni ukumbi gani wa mji mdogo ambao siku ya mahafali milango yake yote miwili huwa wazi? Mmoja hufungwa kwa mnyororo na kufuli "ili wasiingie wasioalikwa." Papo hapo dakika nane zimekuwa kumi na tano na ushei. Kufuli lile lililowekwa kuzuia wazamiaji ishirini limewafunga wageni halali 1,500. Mlango wa dharura unaweza kulindwa na mtu. Kuulinda kwa kufuli ni kuufuta.

Sasa yafuate mambo ya daftari, ambayo ndiyo mahali pa mwalimu hasa.

Kuandikisha watu ni kuwafahamu kabla hawajafika. Mkutano wenye wajumbe 800, kila mmoja akihudumiwa kwa dakika moja na nusu (kutafuta jina, kutia sahihi, kupewa kadi na mkoba) humaanisha kwamba meza moja huhudumia watu 40 kwa saa. Meza kumi zitawamaliza wote kwa saa mbili, endapo watakuja kwa utaratibu tangu saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Hawatakuja hivyo. Wajumbe 500 watafika baada ya saa 2 na nusu, wakitoka kunywa chai. Katika nusu saa ile meza kumi zitahudumia 200, na 300 watakuwa bado nje, wakinung'unika, wakati king'ora cha msafara kinasikika. Dawa yake ni kufanya kazi ya meza ile jana yake: kadi zigawiwe katika nyumba za kulala wageni, au zipelekwe mikoani kwa viongozi wa misafara, ili asubuhi mlango ubaki na kazi moja tu ya kutazama kadi.

Kuna jambo dogo ambalo makarani wengi hulijua na kamati nyingi hazilijui. Ni desturi kuzigawa meza kwa herufi za majina: A hadi F, G hadi L, M hadi R, na kuendelea. Utaratibu huo ulitoka katika nchi ambazo majina yao yametawanyika katika alfabeti. Hapa nchini ukiwaweka akina Massawe, Mushi, Mollel, Mwakasege, Mbwana, Mrisho na Mohamed katika meza moja, karani wa meza hiyo atakuwa na foleni ya kutoka nje ya jengo, huku mwenzake wa S hadi Z akipiga miayo. Ni afadhali kugawa kwa mikoa au kwa wilaya, maana hapo mgeni mwenyewe anajua meza yake bila kuuliza, na kila msafara una mtu anayewafahamu wenzake. Kadhalika, mwenye tatizo (jina limekosewa, barua haipo, amekuja badala ya mwenzake aliyeugua) asibishaniwe katika foleni. Iwepo meza ya pembeni yenye mtu mzima mwenye uamuzi. Mtu mmoja anayebishana kwa dakika kumi mbele ya meza ya kawaida amewacheleweshea wengine sita au saba.

Wako wanaoona kwamba daftari ni chombo cha kuzuia tu. Mambo ya Hija yaonyesha kwamba sivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi za Kiislamu zilikubaliana kipimo cha mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja wa nchi, na kila hujaji hana budi kuwa na kibali. Wapo waliokiona kipimo hicho kuwa kikali, na wengi wakaenda kwa njia za panya, kwa viza za matembezi. Juni 2024, joto la Makka lilipovuka nyuzi 50, mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba waliofariki walikuwa 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali. Watu hao walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Hema zilizopozwa, mabasi na maji vilikuwa vimepangwa kwa hesabu ya walioandikwa. Asiyeandikwa hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote. Jina katika daftari lilikuwa ni sehemu ya kivuli.

Na daftari lina kazi nyingine, ya kusikitisha zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Ilikuwa siku ya gulio. Waliokufa walizidi 220. Katika saa za kwanza hakuna aliyeweza kusema ni watu wangapi waliokuwamo, kwa sababu mkata tiketi na mashine yake walizama pamoja na kivuko. Kila shughuli kubwa ina fungu hili la kujifunza: nakala ya hesabu ya walioingia haina budi kuwa nje ya mahali wanapoingia. Kila nusu saa namba ipelekwe kwa mtu aliye nje, kwa simu au kwa kipande cha karatasi.

Hesabu iliyohifadhiwa vema huwalinda hata waliotuhumiwa. Tarehe 28 Mei 2022, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Liverpool na Real Madrid, iliyochezwa nje kidogo ya Paris, ilichelewa kwa zaidi ya nusu saa huku maelfu wakiwa wamekwama nje na kupuliziwa gesi ya machozi. Waziri wa Ufaransa alisema kwamba mashabiki kati ya 30,000 na 40,000 walikuja bila tiketi au na tiketi bandia. Mashine za mageti zilipofunguliwa na kusomwa, tiketi bandia zilizofika pale hazikutimia hata 3,000. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 uliwaweka waandaaji mbele katika lawama. Moja ya makosa yaliyoonekana ni kwamba kizuizi cha kwanza cha ukaguzi kiliwekwa katika njia nyembamba karibu na daraja la barabara kuu, kikageuka kuwa kizibo cha chupa.

Kizuizi cha kwanza ni jambo jema kikiwekwa mbali na kikiwa kipana. Huko ndiko asiye na tiketi anakotakiwa kurudishwa, angali na nafasi ya kugeuka na kurudi nyumbani. Akifika langoni, nyuma yake wako watu mia tano, hawezi kurudi hata akitaka. Katika fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Wembley tarehe 11 Julai 2021, watu wapatao 2,000 wasio na tiketi waliingia kwa nguvu, na uchunguzi ulihesabu mara 17 ambazo makundi yalivunja njia. Walivunja wapi? Katika milango ya walemavu na milango ya dharura, yaani pale ambapo huruma na usalama huhitaji mlango ufunguke. Agosti 2025 jambo la namna hiyo lilifika Nairobi. Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, watu wasio na tiketi waliingia kwa nguvu katika uwanja wa Kasarani, na Shirikisho la Soka la Afrika likapunguza watazamaji wa uwanja huo hadi 27,000. Maelfu ya Wakenya waliokuwa tayari kulipa wakakosa nafasi kwa ajili ya wale wasiolipa.

Kuhusu mashine za kisasa, maneno machache yatatosha. Tiketi ya simu na kadi ya kugusa zina faida kubwa moja: zikitumika mara moja, hufa. Tiketi ya karatasi isiyochanwa huweza kurushwa juu ya ukuta ikamwingiza na rafiki. Lakini mashine hutegemea umeme na mtandao, na watu elfu thelathini wakiwa mahali pamoja wote wakitaka kupiga picha na kuzituma, mtandao huwa wa kwanza kuanguka. Anayekwenda langoni na mashine bila orodha iliyochapwa karatasini amekwenda na nusu ya vifaa vyake.

Liko pia suala la siri za watu. Ni kawaida katika semina kupitisha karatasi ya mahudhurio yenye jina, cheo, namba ya simu, wakati mwingine na namba ya akaunti ya benki, ikitembea safu hadi safu, na yeyote akitaka aipige picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa hizo azikusanye kwa sababu inayojulikana na azilinde. Kwa mlango, jina na mahali atokako mtu vinatosha. Za posho ziandikwe mahali pengine, kwa siri, na mhasibu. Ni vema kutofautisha karatasi hizo mbili hata kwa sababu nyingine: karatasi ya posho ina kishawishi cha kuongezwa majina, na siku moto ukiwaka, mzima-moto atatafuta ndani ya jengo watu ambao hawakupata kufika.

Jambo la mwisho ni la mamlaka, nalo ni gumu kusemwa mbele ya wakubwa. Mwalimu wa daraja la tatu amesimama langoni. Linafika gari lenye mheshimiwa mwenye kadi moja na wasaidizi sita wasio na kadi. Dereva anapiga honi. Mwalimu afanye nini? Akiwazuia, kesho ataitwa kueleza. Akiwaruhusu, gari linalofuata litadai haki hiyo hiyo, na wananchi waliosimama juani tangu alfajiri wataona. Umati huvumilia foleni ndefu. Hauvumilii foleni ya uongo. Kamati iliyo makini huliondoa jaribu hili kabla ya siku: msafara hupewa mlango wake, idadi ya kadi za wasaidizi huulizwa kwa barua wiki moja kabla, na mkuu mmoja mwenye cheo kinachotosha hukaa langoni siku nzima, si jukwaani, ili neno "hapana" litoke kinywani mwake.

Mkuu huyo awe pia na uwezo wa kuchelewesha shughuli. Mwaka 1987, miaka miwili kabla ya maafa, nusu fainali nyingine ilichezwa katika uwanja ule ule wa Hillsborough. Watu walikuwa bado nje, na mchezo ukacheleweshwa kwa dakika 15. Wakaingia. Mwaka 1989 mchezo haukucheleweshwa. Ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kipaza sauti kinatangaza kwamba shughuli itaanza baada ya robo saa, na walio nyuma, waliokuwa wakisukuma kwa kuogopa kukosa mwanzo, wanaacha kusukuma.

Jioni, wageni wakishaondoka, meza ya mlango ina kazi moja iliyobaki. Daftari lifungwe kwa kuandika waliotarajiwa, walioandikwa, walioingia, saa ambayo foleni ilikuwa ndefu kuliko zote na mlango uliokwama. Watoto waliopotea na kupatikana nao waandikwe. Atakayepewa kazi hiyo mwakani pengine atakuwa mwalimu mwingine kabisa, aliyehamishiwa wilaya hiyo mwezi uliopita. Daftari likabidhiwe kwa mkuu wa ofisi, kwa sahihi, kabla viti havijarudishwa stoo.